Mtu wa Maji

Mwanangu Raya,

Umekwenda Ruwi kwa fundi kufuata abaya zako, na mumeo Said yuko uani na mjomba wako Masoud wanapima masanduku. Mimi nimejifungia chumbani, nikawaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimekaa kitandani, karatasi juu ya sinia, nakuandikia jambo ambalo mdomoni halipiti. Nikilisema utanitazama, nami sitaki kutazamwa nikilisema. Utalisoma kesho kwenye ndege, tukiwa tushaachana.

Khabari za baridi, za chakula, za nguo za ndani za sufi, utaambiwa na wenye kuzijua. Shangazi zako wameshakwambia mpaka umechoka. Mimi nna jambo moja tu.

Juzi ulikuwa ukizungumza na wifi yako wa London, simu umeilaza juu ya meza ya jikoni inapiga kelele, na mimi nachambua mchele. Ulidhani sisikilizi. Akakwambia, "Shoga, makaratasi yako yakishatoka na ukipata mtoto, wewe nenda kaseme unaishi peke yako. Utapewa nyumba, utapewa na posho. Said atakuwa anakuja tu kama mgeni. Wote huku ndiyo wanavyofanya." Ukamuuliza, "Na akija mkaguzi, Said atapita wapi?" Akasema, "Dirishani!" Mkacheka nyote wawili, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ulicheka kama mtu ambaye jambo lile hajapata kuliona. Na wewe umeliona, Raya. Ulikuwepo. Umesahau tu, na miaka yote hii nilimshukuru Mungu kuwa umesahau. Leo nakunyang'anya kusahau kwako. Ukinisamehe, vyema. Usiponisamehe, ni haki yako pia.

Baba yako Nassor alikufa njia ya mlimani ya Amerat, breki za lori zilikatika, wewe hujaanza hata kusema. Alikuwa akijifanyia kazi mwenyewe, kwa hivyo hakuacha pensheni. Aliacha lori, na lori lilibaki bondeni. Eda nilikaa kwa mjomba wako Masoud, na ilipokwisha nikabaki pale pale, maana pa kwenda hapakuwapo.

Wifi yangu Moza, mke wa Masoud, hakuwa mtu wa matusi. Ubaya wake ulikuwa machoni. Nikichota samli, atakifuata kijiko kwa macho mpaka kifike sahanini. Siku moja ulililia maziwa mara ya pili, akasema mbele ya wageni, "Mtoto huyu ana njaa ya ukoo wa baba yake." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu anayekula kwa watu hucheka wakicheka.

Jirani mmoja ndiye aliyenipeleka ofisi ya dhamana, wanakoandikishwa wajane na walioachwa na wasio na mtu. Nikaulizwa maswali, nikaleta mashahidi, nikarudishwa, nikaenda tena. Posho ilipoanza kuja nilitukodia vyumba viwili Ruwi, nyuma ya maduka, ukutani kwetu jiko la hoteli ya Wahindi lililonuka mafuta ya kukaangia mchana kutwa. Nilinunua kopo langu la samli. Nilikuwa nachota nitakavyo, wakati mwingine hata sina haja nayo, nachota tu. Wewe unayekula mshahara wako mwenyewe huwezi kujua ladha ya samli ile. Na kama huijui, mengine yote nitakayokwambia utayaona ni ukatili wa bure.

Sharti la posho ile kila mwanamke kwenye foleni alilijua. Ni ya mwanamke asiye na mwanamume wa kumtunza. Ukiolewa, unakwenda mwenyewe unasema, wanaikata.

Kisha akaja Humud.

Alikuwa dereva wa gari la maji matamu, anayapeleka kwenye matangi ya mitaa yetu. Kazaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka huko, wakaja huku Maskati kama sisi tulivyokuja kutoka Unguja. Kiswahili chake cha bara, anasema "nina" na "nitakuja" kama mtu asomaye kitabu, na wewe ulikuwa unamuigiza mpaka yeye mwenyewe anacheka. Alikuwa na mke kule mji wa Ibra, mkubwa kuliko yeye kidogo, na watoto wa kiume waliokwishaoa. Hakunificha. Aliniposa kwa mjomba wako kwa adabu, tukafungishwa ndoa sebuleni kwa Masoud, na mashahidi wawili na kahawa. Ndoa ya halali, Raya. Sikuwa hawara wa mtu. Nakwambia kwa sababu umekua ukisikia vingine kwa watu, na hukuniuliza.

Baada ya siku chache aliniambia, "Mama Raya, twende ofisini tukaseme. Tutakula kidogo nilicho nacho."

Nikamwambia, "Na ukiniacha?"

"Sitakuacha."

"Talaka ni neno moja, Humud. Wewe utalitoa kwa pumzi moja. Mimi kuirudisha posho ile nitatembea milango ya watu mwaka mzima. Nirudi kwa Moza nikatazamwe kijiko?"

"Nimesema sitakuacha."

"Na ukifa?"

Akasema, "Hilo siwezi kukuahidi."

"Basi posho itabaki," nikasema, na yeye hakuitaja tena. Alikuwa mtu wa kukubali. Nilidhani ni udhaifu. Mwanamume wa kukubali ukimpata, muogope, maana hutojua mpaka wake uko wapi mpaka uwe umeshauvuka.

Tukaanza maisha ya wezi. Gari la maji alikuwa analiacha kituo cha mabasi, anakuja kwa miguu. Nguo yake hata moja haikutundikwa kwenye kabati langu, kanzu na shuka yake nilizitia kwenye gunia la mchele tupu, chini ya kitanda. Wembe wake anakuja nao mfukoni, anaondoka nao. Akipiga chafya, nafungulia redio. Tukitoka kwenda sokoni, mimi na wewe mbele, yeye nyuma mbali, anatazama mabanda ya watu wengine. Mara moja uligeuka ukamwita, nikakufinya mkono mpaka ukalia. Watu wakaniuliza kulikoni, nikasema mtoto anataka peremende.

Wewe ulimpenda. Ulikuwa unalala juu ya tumbo lake kama paka. Wewe ndiye uliyeanza kumwita baba, hakuna aliyekufundisha. Mimi nilichokufundisha ni mahali pa kusema. Ndani ni baba, nje ni mtu wa maji. Ulijifunza upesi. Watoto hujifunza uongo kama wanavyojifunza kutembea, wataanguka mara mbili tatu, kisha wanakimbia.

Ulikuwa umeanza shule, uko darasa la kwanza, ulipopata homa na kifua. Humud alitoka kwenda kukununulia dawa. Nyuma yake mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa ofisi ya dhamana, anapita nyumba kwa nyumba kuangalia hali za watu. Mdogo, mpole, mkoba kifuani. Alianza kwa Kiarabu, aliponisikia nakusemesha wewe, akageukia Kiswahili, cha Unguja kabisa. Mama yake katoka Mkunazini, akaniambia. Nikampa kahawa na tende. Akaniuliza uchungu wa kuishi peke yangu, nikamwambia. Akaniuliza kama wakwe wananisaidia, nikamwambia hawanisaidii. Nilikuwa nazungumza vizuri sana, Raya. Nililia hata kidogo.

Ufunguo ukaingia mlangoni.

Humud akasimama pale, chupa ya dawa mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine. Yule binti akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Nikasema, "Huyu mtu wa maji."

Akauliza kwa upole kabisa, "Mtu wa maji ana ufunguo wa nyumba?"

Ningeweza kusema. Nalifikiria kila siku jinsi neno lile lilivyo fupi. Mume wangu. Lakini niliyaona macho ya Moza, wallahi, niliyaona pale ukutani, na kile kijiko. Nikasimama nikapiga ukelele. "Ufunguo huo umeutoa wapi wewe? Nani kakupa? Mwizi! Unaingia nyumba ya mjane?"

Sikuishia hapo. Nilitoka mlangoni nikaita watu.

Wakaja wanaume wa madukani, na wapishi wa hoteli na aproni zao. Humud hakunitazama hata mara moja. Aliweka chupa ya dawa juu ya meza, akaweka ufunguo kando yake, taratibu, kama mtu anayeweka vitu asije akamwamsha mgonjwa. Akasema, "Nisamehe, bibie. Niliuokota ngazini."

Na wewe ukatoka kitandani na homa yako, ukapita katikati ya watu, ukamkumbatia mguu. "Baba, usiende."

Nikakupiga kofi. Si la kuonya, la nguvu zangu zote. Ulianguka ukajigonga kwenye kiti, na hiyo alama iliyo juu ya nyusi yako, ambayo nimekwambia siku zote kuwa uliteleza bafuni, ndiyo hiyo. Nikakuinamia nikasema, "Nani huyu? Waambie watu. Nani huyu?"

Ukasema, "Mtu wa maji."

"Sema kwa sauti."

Ukasema kwa sauti.

Wanaume wakamchukua. Walimpiga njiani, nilisikia. Polisi walimweka ndani siku kadhaa, na wote waliomuuliza aliwaambia maneno yale yale, niliuokota ngazini. Angesema neno moja angeletewa Masoud na mashahidi wa ndoa na angetoka siku ile ile. Hakusema. Mimi ndiye niliyekwenda mwisho kituoni nikasema namsamehe. Ndivyo nilivyosema, Raya, namsamehe, na askari akaniambia nna moyo mzuri.

Yule binti wa ofisi alimaliza kahawa yake siku ile kabla ya kuondoka. Mlangoni akaniambia, "Bibi, mimi sikuja kukata. Nilikuja kuuliza tu hali." Sijui alikuwa na maana gani. Sijui kama alijua. Posho iliendelea, haikukosa hata mwezi, na wewe umesoma kwa posho hiyo mpaka ukamaliza sekondari. Kwa hivyo usidhani nakusimulia hadithi ya mwizi aliyekamatwa. Mimi sikukamatwa. Nilipata kila nilichokitaka.

Humud hakuja kwa wiki nyingi. Gari la maji likaanza kuendeshwa na mtu mwengine. Nilikuwa nakaa dirishani na uongo wangu tayari, nimeupanga vizuri, nitamwambia nililazimika, nitamwambia mtoto, nitamwambia hukuona macho ya yule binti. Alasiri moja akaja kweli. Mimi niko jikoni. Mlango ukagongwa, na wewe ukakimbilia kufungua.

Nikasikia sauti yako, ya kawaida kabisa, ya mtoto aliyetumwa:

"Mama, mtu wa maji amekuja."

Nilipofika mlangoni alikuwa bado amesimama. Amekonda. Jino moja la mbele halipo. Alikuwa amechuchumaa kidogo, mikono imefunguka, kama mtu aliyejiandaa kupokea mtoto anayemrukia, na mikono imebaki vile vile. Nje hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mkaguzi, hapakuwa na jirani. Ungeweza kumwita utakavyo. Wewe ulisimama kando yangu ukanishika nguo, ukamtazama kama unavyomtazama mtu wa maji.

Nikamwambia, "Ingia."

Akasema, "Hapana, mama Raya. Nilikuja kumwona mtoto, nimemwona."

"Ingia, Humud. Nakuomba."

"Nilikubali uniite mwizi," akasema. "Hilo nimelimaliza kule ndani. Lakini huyu umemfanya nini?"

Akashuka ngazi. Hukuuliza anakwenda wapi. Ulirudi kwenye katuni zako.

Sikuandikii haya ili ujilaumu. Mtoto wa darasa la kwanza halaumiwi. Nakuandikia ujue alikufundisha nani, na ulivyokuwa mwanafunzi hodari. Juzi nilipokusikia unacheka jikoni, nilijua somo halijatoka.

Alirudi Ibra kwa mke wake. Talaka hakunipa. Mwaka haujatimia, dereva mmoja aliyekuja na maji akaniambia ngazini, kama mtu anayetoa khabari ya hali ya hewa, kuwa Humud wa Tabora kafa, moyo, wamemzika jana.

Nilimwomba mjomba wako anipeleke Ibra. Njia nzima hakusema nami. Nikaingia matangani, nikakaa karibu na viatu, wanawake wanasoma, kahawa inapita. Mke wake alikaa mbele, mwanamke mrefu, uso wake mkavu. Nilipofika kumpa mkono akaushika, hakuuachia.

"Wewe nani?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Nikamwambia, "Alikuwa akituletea maji, Maskati."

"Alikuja hapa hana jino," akasema. "Tukamuuliza, akasema alianguka. Alipokuwa anakufa alitaja jina la mtoto, na mimi sina mtoto wa jina hilo." Akanivuta karibu. "Mimi nakujua. Nilikujua tangu siku ya ndoa, aliniambia mwenyewe, hakuwa mwongo. Sasa nakupa nafasi. Sema hapa mbele ya watu wewe ni nani, na nitakupisha ukae ubavuni pangu, na mirathi yako utapata, na eda utakaa kama mimi. Sema."

Chumba kizima kilinitazama. Nikahesabu kichwani nani pale ana jamaa Ruwi, nani ana jamaa ofisini. Mwanamke aliyenishika mkono kwa nguvu kama dada, na mimi nafikiria nani atakwenda kusema.

Nikarudia, "Alikuwa akituletea maji."

Akaniachia mkono. "Basi kunywa kahawa," akasema, "uende."

Nikainywa, nikaenda.

Eda ya Humud sikuikaa. Mjane anayekaa eda wakati mumewe kafa miaka mingi nyuma angeulizwa. Nilivaa khanga zangu za maua, nikatoka kwenda sokoni kila siku ili watu wanione. Muuza samaki akinitania, nikamtania. Usiku sikulia, ukuta ulikuwa mwembamba na wewe ulikuwa umelala karibu. Baada ya hapo machozi hayakuja tena hata nilipoyataka. Mama yangu alipokufa Unguja na simu ikaja, ulinitazama ukaniambia, "Mama, wewe huna moyo?" Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulinichukia kidogo. Nikakwambia nenda kafue.

Sasa wewe unakwenda na Said. Nimemtazama tangu alipokuja. Ni mtu wa kukubali. Ukimwambia apite dirishani, atapita, atacheka, atakwambia hapana taabu. Ukimwambia asitundike koti lake, hatalitundika. Atalala kwa rafiki yake siku wanazokuja wakaguzi, na asubuhi atarudi na mkate. Na mwanao atajua kusema pale panapotakiwa kusemwa. Sikwambii serikali ya Waingereza itawakamata. Labda itawakamata, labda haitawakamata, wifi yako anajua zaidi yangu. Mimi nakwambia itakavyokuwa wasipowakamata.

Njaa naijua. Usidhani mama yako amesahau njaa na sasa anakuletea heshima. Kama mtakosa, nendeni mkaseme tupo wawili na mtoto na hatuna, na mtakachopewa mle hicho. Kikiwa kidogo, kiwe kidogo. Kama hawatawapa kitu, nipigie simu, nitauza bangili za bibi yako, na Moza nitakwenda kumwomba mwenyewe, na atanitazama, na nitakaa nitazamwe.

Lakini ukisaini mahali kwamba huna mume, usinipigie simu kunipa khabari za Said. Usiniambie amekula, amepata kazi, ana homa. Nitakuuliza, "Said nani?" Nitakuuliza hivyo kila mara, na sitakuwa nafanya mzaha. Unanijua kuwa naweza. Nimeshawahi kufanya kwa mtu niliyempenda kuliko ninavyompenda mumeo.

Nasikia sauti yako uani, umerudi, unamwonesha Said abaya na yeye anakwambia zote nzuri. Naikunja barua. Nitakupa uwanja wa ndege, na nitakwambia ni dua ya safari, kwa hivyo uongo mmoja zaidi, wa mwisho, Mungu akipenda.

Mama yako,
Zuwena binti Suleiman,
mjane wa Nassor, na mjane wa Humud.